Nusu ya Juu ya Jalada

Kama kuna mtu amechekwa maisha yake yote kwa sababu ya picha ambayo hakuna aliyeiona, ni bibi yake mtunza majarida mmoja wa Maktaba ya Taifa. Tangu watoto wake hawajaota meno mpaka wajukuu wakaanza kuota mvi, bibi huyo hakuchoka kusema kwamba alipokuwa mdogo aliwahi kutokea kwenye jalada la jarida la kwanza kabisa kuchapishwa nchini. Tena si ukurasa wa ndani, wala si pembeni kwenye tangazo la sabuni. Jalada zima. Alikaa juu ya furushi la karatasi pale kiwandani, jarida mkononi, mguu mmoja una kiatu na wa pili hauna, kwa kuwa mkanda ulikatika asubuhi ileile.

Hicho kiatu ndicho kilichomponza. Mwanawe wa kiume, ambaye ndiye mjomba wa mtunza majarida, alikuwa na mdomo usiojua likizo, na kila familia ikikutana alimwomba mama yake asimulie upya, halafu akauliza kwa upole kabisa ni mpiga picha gani huyo aliyekosa watoto wenye viatu viwili. Watu wanavunjika mbavu. Bibi naye si wa kukaa kimya. Alimjibu kwamba mwenye masikio yaliyosimama kama milango ya kabati iliyosahaulika wazi hana haki ya kucheka kiatu cha mtu, tena aseme masikio hayo aliyaokota wapi, maana kwa baba yake hayapo na kwake yeye hayapo. Hapo kicheko kinageukia upande wa pili, chai inamiminwa, mambo yanaisha. Lakini jina likaganda. Bibi Jalada. Hata mwenye duka la jirani alimwita hivyo.

Aliyemwamini ni mmoja tu, naye ni huyu mjukuu. Usidhani alichagua kazi ya maktaba kwa kupenda ukimya, maana yeye na ukimya ni mbingu na ardhi. Alikwenda kutafuta jalada. Siku alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha majarida ya kale katika Maktaba ya Taifa, alikunywa chai amesimama, akateremka ngazi mbilimbili, na mlango ulipogoma akausukuma kwa bega.

Ndani kulikuwa na rafu za chuma mpaka darini, feni inayolalamika, na harufu ile ya karatasi kuukuu ambayo wengine inawapigisha chafya na wengine inawafungua roho. Rafu ya kwanza mkono wa kushoto, jarida lenyewe, mwaka baada ya mwaka, limejalidiwa kwa kitambaa cha kijani. Wee, utamu uliokuwamo humo! Lilianza na mhariri mmoja, mashine moja ya kuzungusha kwa mkono, na akina mama waliokunja kurasa mezani, nalo likasomwa mpaka likachanika. Kulikuwa na hadithi za mfululizo zilizokatwa palepale mlango unapogongwa, hata wasomaji wakaandika kumtishia mhariri. Kulikuwa na daktari wa kujibu maswali ya matumbo, washairi wanaorushiana vijembe toleo kwa toleo, na ushauri kwa vijana jinsi ya kupanda baiskeli bila kuchafua suruali. Alisoma, akacheka peke yake, akasahau kula.

Majalada hayakuwamo. Hata moja.

Kumbe ndivyo kazi ilivyokuwa ikifanywa enzi hizo. Mwaka ukiisha, mafundi wa kujalidi walikusanya matoleo yote, wakang'oa majalada na kurasa za matangazo, wakashona kilichobaki kiwe kitabu kimoja kinene. Kwao maandishi ndiyo mali, na jalada ni karatasi ya kufungia tu, kama ya mkate. Kwa hiyo maktaba ilikuwa na kila neno la jarida lile, lakini sura yake haikuwa nayo. Mjukuu aliziandikia maktaba nyingine, akawasumbua wapenzi wa vitu vya kale, akapekua masanduku ya marehemu kwa ruhusa ya wafiwa. Patupu. Miaka ikaenda.

Halafu macho ya bibi yakaanza kumtupa. Presha ya macho, daktari akasema, na hakuzungusha maneno: kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinazidi kujifunga kutoka pembeni. Bibi sasa alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Katikati anaona vizuri tu, ila hiyo katikati inapungua. Mjukuu akawa halali vizuri. Swali halikuwa tena kama jalada lipo, bali kama litapatikana bibi akiwa bado ana tundu la kulionea.

Basi bwana, mvua ikanyesha, paa la ghala la maktaba likavuja, na kati ya vitabu vyote vilivyokuwamo, maji yakachagua taarifa za mvua. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Vitabu vinene vya vipimo vya mvua za miaka ya nyuma, ambavyo hakuna kiumbe aliyewahi kuviomba, vililowa chapachapa. Mtunza majarida akaitwa kusaidia kuvibeba hadi karakana ya fundi wa vitabu, mwanamume mnene, mcheshi, ambaye maktaba nzima ilimwita Gundi, kwani akikukamata kwa maongezi hubanduki.

Gundi alikishika kimojawapo akakigeuza, akasonya. Gamba gumu la mbele lilikuwa limevimba na kuachia pembeni, tabaka kwa tabaka. Akaanza kusimulia, kama kawaida yake, kwamba zamani ubao wa magamba ulikuwa adimu, kwa hiyo mafundi walijitengenezea wenyewe. Walizoa karatasi chakavu zilizozagaa karakanani, wakazipaka gundi, wakazibandika moja juu ya nyingine, wakazikandamiza chini ya chuma mpaka zikakauka kuwa ngumu. Alisema hayo huku akibandua tabaka la juu kwa kisu butu, na mtunza majarida, aliyekwisha kuyasikia mara nyingi, alikuwa anafikiria chakula cha mchana.

Ndipo akaona kidole cha mguu.

Kidogo, cha mtoto, kimechapwa kwa wino wa kahawia. Alimwambia Gundi aache, halafu akamwambia aendelee, halafu akamwambia aache tena, mpaka Gundi akaweka kisu chini na kumtaka achague moja. Wakaendelea pamoja, vichwa vimegusana juu ya meza: sponji yenye unyevu, kisu, karatasi ya kunyonya maji, sponji tena. Ukatokea mguu mzima, hauna kiatu. Ukatokea wa pili, una kiatu. Furushi la karatasi. Gauni. Mikono imeshika jarida. Na mwisho kabisa uso wa msichana mwenye pengo mbele, ameikodolea kamera kana kwamba yeye ndiye anayeipiga picha.

Mtunza majarida alipiga ukelele uliofika mpaka chumba cha kusomea, ghorofa ya juu, ambako hata mtu akikohoa huomba radhi. Alimkumbatia Gundi, akakimbilia dirishani bila sababu, akarudi, akakaa sakafuni akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kutafuta kote kule, kuandika kote kule, kumbe jalada liko ghala la jengo hilihili analofanyia kazi, limejificha ndani ya vipimo vya mvua! Fundi wa zamani alilitoa kwenye jarida, na kwa kuwa hakutupa kitu, akalibandika ndani ya kitabu kilichofuata mezani pake.

Akampigia simu mjomba, kwa makusudi. Alimwambia kesho amlete bibi maktaba, na yeye mjomba asikose kuvaa viatu vyote viwili.

Walifika asubuhi. Bibi alikuwa amevaa nguo zake za kutokea, ameshika mkono wa mwanawe, na mjomba, ajabu, hakuwa na utani wowote mdomoni. Gundi alikuwa amekwisha kukausha karatasi ile na kuilaza juu ya kitambaa cheupe chini ya dirisha kubwa. Aliwavutia viti, akasimama pembeni akijifanya anapanga brashi ambazo zilikuwa zimepangwa.

Bibi akainama, akaisogeza picha mpaka ikaingia kwenye katikati yake. Akakiona kiatu, akatikisa kichwa taratibu. Mjomba naye akakiona. Akasema amekosa, mama yake amwite leo jina lolote analotaka, na yeye ataitika. Bibi akamwambia angoje kwanza. Kidole chake kilikuwa kinapanda polepole, kutoka kwenye kiatu mpaka gauni, kutoka gauni mpaka jarida, uso, kisha bega. Juu ya bega la msichana palikuwa na mkono wa mtu mzima, na juu kidogo ya kifundo cha mkono huo karatasi iliishia, imekatwa kwa kisu, imenyooka.

"Sehemu yake ya juu iko wapi?" bibi akauliza.

Mjukuu akamweleza kwamba fundi alilikata jalada lienee kwenye gamba, na bahati nzuri nusu iliyobaki ndiyo yenye yeye. Akamwambia afurahi basi, sasa hakuna wa kumcheka tena, picha itawekwa mahali pa heshima ambapo kila anayeingia ataiona. Alikuwa anaongea haraka haraka, maana uso wa bibi haukuonyesha furaha aliyoitarajia, na jambo hilo lilimtia baridi.

"Mimi najijua nilivyo, mke mwenzangu," bibi akasema. Ndivyo alivyomtania tangu utoto. "Huo mkono ni wa mama yangu. Alikuwa anakunja kurasa pale. Mpiga picha alimwambia asogee, mimi nikalia, basi wakamwacha. Hajapigwa picha nyingine. Alikufa hilo pengo langu halijaziba. Sura yake imenitoka kabisa, sina hata kidogo. Uso wake ndio ninaoutafuta."

Mjomba aliuliza, sauti imeshuka, kwa nini miaka yote hiyo hakuwaambia.

"Ningesema namtafuta mama, mngenihurumia. Nikisema niko kwenye jalada, mnacheka. Kicheko nilikiweza."

Mtunza majarida alitamani ardhi ipasuke. Yeye aliyejiona mwaminifu kuliko wote, naye alikuwa ametafuta kitu kingine. Gundi alikuwa ameacha brashi zake. Alikivuta kile kitabu cha mvua, akakigeuza kifudifudi, akaanza kulipapasa gamba la nyuma kwa kiganja, na macho yake yakaanza kung'aa.

Alisema kitabu kina magamba mawili. Fundi aliyekata jalada ili apate kipande cha kujazia gamba la mbele, alibaki na nusu nyingine mkononi, gundi imekwisha kukorogwa, na gamba la nyuma liko palepale linasubiri kujazwa. Angekwenda kuitia wapi? Yeye Gundi, kama angekuwa ndiye fundi huyo, asingeinuka hata kwenye kigoda. Mtunza majarida alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Alikuwa anataka sponji, anataka kisu, anataka vyote kwa pamoja.

Lakini gamba la nyuma lilikuwa zima. Maji hayakulifikia. Na kanuni ya maktaba inajulikana hata na mlinzi wa getini: kitu kizima hakipasuliwi kwa kubahatisha. Gundi mwenyewe alikuwa amewafokea wanagenzi kwa kanuni hiyo mpaka sauti ikamkauka. Ikabidi aitwe mkuu wa makusanyo.

Mkuu alikuwa mwanamama mrefu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na hapana yake ilikuwa hapana iliyopigwa pasi. Alisikiliza yote. Akasema nusu iliyopatikana ni hazina na anaifurahia kuliko wanavyodhani, ila leo wakipasua gamba kwa kuhisi, kesho kila mwenye bibi atamleta bibi yake na kila kitabu kitapasuliwa. Mtunza majarida akasema hili ndilo jalada pekee la jarida la kwanza la nchi. Mkuu akajibu kwamba kuhisi si sababu. Na ubaya ni kwamba alikuwa na haki, hilo ndilo lililouma.

Akageuka kuondoka, ila hakuwa mtu wa kumpita mkubwa bila salamu. Aliinama akampa bibi shikamoo. Bibi akaitikia, akaushika mkono wake, akamvuta karibu ili amwone anayemsalimia. Akamtazama kidogokidogo, jicho, shavu, mdomo, jicho la pili, akimkusanya kipande kwa kipande kupitia lile tundu lake. Alichukua muda. Mkuu wa makusanyo alibaki ameinama hivyohivyo, akitazamwa, na hakujaribu kujitoa.

Alipoinuka alivaa miwani, akakivuta kitabu kwake.

"Hili gamba la mbele linafaa tena?" akamuuliza Gundi.

Gundi akasema limekufa, litahitajika jipya.

"Na wewe huwa unaweka jipya mbele, la zamani unaliacha nyuma?"

Gundi akasema haiwezekani, mgongo wa kitambaa lazima ung'olewe wote, na magamba yasipolingana kitabu kinapinda. Akawa amefika katikati ya maelezo ndipo alipoelewa alichoulizwa, akafunga mdomo.

"Basi hiki si kizima. Kinaingia matengenezo chote," mkuu akasema. Kisha akavuta kiti na yeye akakaa.

Heh, kazi iliyofuata! Gundi alikunja mikono ya shati, kijasho chembamba kikamtoka kabla hata hajagusa maji. Tabaka la kwanza, tangazo la taa za mafuta. La pili, karatasi tupu. Mtunza majarida alikuwa anauma kucha. La tatu, tangazo la baiskeli, na mjomba akaanza kuzunguka meza mpaka mkuu akamwambia akae, anawatia kizunguzungu. La nne, kipande cha kalenda. Matabaka yalikuwa yanakwisha, na Gundi alikuwa ameacha kuongea, jambo ambalo karakana hiyo haijawahi kuliona. Bibi peke yake ndiye aliyetulia, mikono mapajani, macho yameelekea dirishani.

Tabaka la tano lilikuwa na wino wa kahawia.

Lilibandikwa juu chini. Zikatokea kwanza herufi kubwa za jina la jarida, zimesimama kwa kichwa. Mtunza majarida aliushika mkono wa mkuu wake bila kujua, na mkuu akauacha ushikwe. Gundi alibandua pole, pole, akaiinua karatasi kwa vidole vyote kumi, akaigeuza, akailaza juu ya kitambaa cheupe, akaisogeza mpaka ukingo ukakutana na ukingo. Kifundo cha mkono kikakutana na mkono.

Mwanamke amesimama nyuma ya binti yake, na ameona haya kidogo kwa ile kamera. Nywele zimefungwa kwa kitambaa, na kitambaa kimepitishwa nyuma ya masikio.

Mtunza majarida akayaona masikio hayo. Akamtazama mjomba. Akaitazama tena picha, akaziba mdomo kwa mkono. Gundi naye akamtazama mjomba, kisha mkuu wa makusanyo naye akamtazama, mpaka mjomba akauliza ana nini usoni.

Bibi akainama. Alianzia mkononi, pale alipopajua, akapanda kwa mkono wa gauni, akafika begani, akapumzika. Kisha akapanda tena. Alipofika usoni alikaa hapo, akisogeza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, jicho, shavu, kidevu, sikio. Alirudi kwenye sikio mara nyingine. Hakulia. Alikunja uso kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona wapi mtu fulani.

"Njoo hapa," akamwambia mwanawe. "Kaa kwenye mwanga."

Mjomba akaja, akakaa kwenye kiti chini ya dirisha. Gundi akailaza nusu ya juu ya picha kwenye ubao mwembamba na kuishikilia karibu na uso wa mjomba, na bibi akaanza kwenda na kurudi, sikio la karatasi na sikio la mwanawe, kidevu kile na kidevu hiki. Alifanya hivyo mpaka akaridhika. Mjomba, mwenye ule mdomo usiojua likizo, alikuwa anatiririkwa na machozi na hana hata neno.

"Kumbe," bibi akasema. "Miaka yote hii nimekupakulia chakula, na wewe unanicheka kwa uso wake."

Mjukuu akamsihi aitazame picha zaidi, aitazame sana, maadamu bado anaona. Bibi akasema imetosha, iwekwe pakavu wengine nao waione. Akaushika uso wa mwanawe kwa mikono miwili, akafumba macho, akaanza kuupapasa taratibu, paji, kidevu, sikio na sikio. Mjomba akauinamisha uso kidogo ili mama yake aufikie vizuri.